Maneno Yaliyong'oa Meno

Aliyemtuma Christabel Akeyo kwa Daktari Joab alikuwa Molly, mke wa Joab mwenyewe, na wala hakumtuma kwa ubaya. Wanawake hao wawili walikuwa wamesimama bega kwa bega katika kwaya ya kanisa kwa miaka mingi, Christabel akiimba sauti ya kwanza, Molly akimfuata kwa sauti ya pili. Siku hiyo ya mazoezi Christabel alishindwa kumaliza ubeti. Alishika shavu la kushoto, akaketi kwenye benchi huku machozi yakimlengalenga.

"Mama Vinny, hilo jino litakuua," Molly alimwambia. "Enda kwa baba watoto kesho. Si ndiye anasaidia watu wote wa Silibwet? Nitamwambia akuangalie kama mtu wa nyumbani."

Christabel alikuwa muuza omena, wale dagaa wa ziwani. Baba yake, mzee Ogada, alitoka kando ya ziwa akiwa kijana, akaandikwa kazi katika kiwanda cha majani chai karibu na Kericho, na watoto wake wote walizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi. Christabel alikulia humo. Kikipsigis alikipata kwa watoto wa majirani walioleta maziwa asubuhi, akakisema mpaka wazee wakawa wanamuuliza yeye ni wa ukoo gani. Alipoolewa na Ooko, dereva wa trekta la kubeba majani, alikodi kibanda sokoni Silibwet na kuanza kuuza samaki. Watu walinunua kwake kwa sababu ya mdomo wake. Aliwatania wazee kwa lugha yao, akawacheka wasiojua kuosha omena ikaisha mchanga, na alipocheka meno yake ya juu yalionekana yote, makubwa, meupe, yenye mwanya katikati. Ooko alipenda kusema kwamba aliuona mwanya huo kabla hajauona uso.

Kliniki ya Joab ilikuwa nyuma ya duka la dawa za mifugo. Ndani mlikuwa na kiti cha kinyozi kilicholazwa nyuma, sinki, na picha kubwa ya jino lililopasuliwa katikati kuonyesha mizizi yake. Joab alivaa koti jeupe lililopigwa pasi vizuri. Alimmulika mdomoni kwa tochi ya simu, akagonga jino moja moja kwa chuma, kisha akapumua kwa nguvu kama mtu aliyeona ajali.

"Nyaminwa," alisema, akimwita dada kwa lugha yao ya ziwani, "hii imekuwa mbaya."

"Ni hii ya nyuma, daktari. Hapa juu, kushoto."

"Maumivu iko nyuma, lakini ugonjwa iko mbele. Uko na peridontaitis. Hizi nne za mbele ziko na impakshen, na neva imekufa. Tukiziacha, abses itapanda mpaka kwa ubongo. Dawa ni ekstrakshen tu. Tumeelewana?"

Katika maneno hayo yote, Christabel alielewa ubongo peke yake. Sokoni alikuwa mtu wa kuuliza. Muuza nyanya angemwambia nyanya hizi zimetoka Bomet, naye angeuliza Bomet wapi, shamba la nani, zimechumwa lini. Lakini pale, akiwa amelazwa chali mdomo wazi, mbele ya koti jeupe na mume wa rafiki yake, aliona haya. Aliogopa kuonekana mshamba. Akatikisa kichwa kukubali.

Kutikisa kichwa huko ndiko kulikomuuma baadaye kuliko sindano.

Joab alimdunga ganzi, akangoja kidogo, akaanza kazi. Christabel hakusikia uchungu, ila alisikia sauti. Alisikia mfupa ukikwaruza ndani ya kichwa chake, kisha kitu kikiachia, kisha jino likidondoka kwenye bakuli la chuma. Likafuata la pili. Meno yale hayakukubali kutoka kirahisi. Joab alilazimika kupanda goti moja kwenye kiti, jasho likimtiririka, na mara mbili alitukana kwa sauti ndogo.

"Na ile ya nyuma?" Christabel aliuliza mwishowe, pamba ikiwa imejaa mdomoni.

"Hiyo itatulia yenyewe. Ukipona, rudi nikutengenezee zingine. Nzuri kuliko hizi."

Nyumbani Ooko alimtazama, akamvutia kiti. Aliyesema alikuwa mama mkwe, aliyekuwa amekuja kuwatembelea kutoka ziwani. Bibi huyo alikuwa wa rika la mwisho mwisho lililotolewa meno sita ya chini kwa desturi, na hata sasa alicheka bila kuficha pengo lake.

"Zangu zilitolewa mchana, watu wakiangalia, na mimi mwenyewe nilitaka," alisema. "Zako zimetolewa kwa nini, mwanangu?"

Christabel alijaribu kujibu. "Impakshen," alisema, na hewa ikampenya kwenye pengo kwa filimbi. Alijaribu lile neno lingine, likawa mate matupu. Akafunika mdomo kwa kiganja. Tangu siku hiyo kiganja hicho hakikushuka. Aliuza omena akiwa amefunika mdomo, na wazee walipomtania aliitikia kwa macho tu. Kanisani alihama kutoka mstari wa mbele akasimama nyuma, na wimbo ulipofika mahali pake aliinamisha kichwa, Molly akauimba peke yake.

Lile jino la nyuma halikutulia. Liliamka kwa nguvu mpya, shavu likavimba mpaka jicho likawa dogo. Alirudi kwa Joab. Joab alimmulika tena na kusema maumivu yanasafiri, na kwamba sasa ni lazima watoe mengine mawili, yale yenye ncha yaliyobaki pembeni.

"Inasafiri kutoka wapi?" Christabel aliuliza. Lilikuwa swali lake la kwanza mle ndani.

Uso wa Joab ulibadilika. "Wewe ndiye daktari ama ni mimi?"

Christabel aliteremka kitini, akatoka, akaenda zake Kericho.

Katika hospitali ya serikali alipokelewa na daktari wa meno aitwaye Cherotich, mwanamke mwembamba asiye na haraka. Cherotich alimpeleka kwanza kupigwa picha ya eksrei, kisha akamketisha, akamwinamia kwa muda mrefu. Alipoinuka alivua barakoa.

"Mama, haya manne ya mbele yalitolewa na nani?"

Christabel alijibu kwa Kikipsigis, kwa kuwa alijua huyo ndiye mwenye lugha, na pia kwa kuwa Kikipsigis hakikumpigisha filimbi sana. Alisimulia yote. Mwishoni akasema, "Naomba uniambie yale maneno. Moja moja. Impakshen ni nini?"

"Ni jino lililokwama," Cherotich alisema. "Linataka kuota lakini limezuiwa na jingine, au na mfupa, likabaki limelala ndani ya fizi. Mara nyingi ni lile la mwisho kabisa nyuma, linaloota mtu akiwa mkubwa. Haya yako ya mbele yalikuwa yameota?"

"Tangu nikiwa darasa la pili."

"Basi hayakuwa yamekwama."

"Na peridontaitis?"

"Huo ni ugonjwa wa fizi ulioshuka mpaka kwa mfupa unaoshikilia jino. Mtu asipopiga mswaki vizuri, utando laini unajijenga kwenye meno, unakauka unakuwa ugaga mgumu kama ule wa ndani ya sufuria ya chai. Fizi zinavimba, zinatoa damu, zinarudi nyuma. Mwishowe meno yanalegea. Yako yalikuwa yanacheza?"

"Yalikuwa yanamenya muwa."

Cherotich aliitazama picha ya eksrei tena. "Hayakuwa na ugonjwa huo pia."

"Alisema neva imekufa."

"Neva ni uhai wa jino. Inakaa katikati, kwenye uwazi unaoteremka mpaka mzizini. Ikifa, jino hubadilika rangi, halisikii baridi wala moto. Ukinywa maji ya mtungi asubuhi, yalikuwa yanakuuma mbele?"

"Yalikuwa yananishtua sana."

"Basi ilikuwa hai."

Kila neno lililofunguliwa lilimkuta Christabel akiwa ameketi wima zaidi. Alikuja hapo akidhani ameibiwa meno na ugonjwa asioujua. Sasa aliona neno moja baada ya jingine likigeuka uongo mtupu. Aliuliza lililobaki kwa sauti ndogo sana.

"Na abses?"

"Hiyo unayo," Cherotich alisema. Alimwonyesha picha ya eksrei na kidole. "Ni usaha. Gego hili la nyuma limetoboka, uozo umeingia mpaka kwa neva, na usaha umejikusanya kwenye ncha ya mzizi. Hiyo ndiyo ilikuwa inakuuma tangu mwanzo. Hiyo ndiyo ameiacha."

"Mbona aliiacha?"

Daktari alivuta kiti karibu. "Jino la mbele lina mzizi mmoja. Gego la juu lina mizizi mitatu. Hajui kulitoa. Alitoa yale anayoweza, ili urudi umnunulie ya bandia."

Christabel alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi kikavu, bila kiganja mdomoni.

Gego lilipatiwa dawa za kutuliza usaha, na Christabel aliporudi, Cherotich akamweleza kwamba kuna njia mbili: kusafisha mzizi kwa ndani, ile watu huita rutkano, kisha kuliziba na kulivika taji, yaani kofia ngumu juu ya jino, au kuling'oa. Lilikuwa limeoza mno kwa njia ya kwanza. Likang'olewa. Mara hii Christabel aliuliza jina na kazi ya kila chombo kabla hakijaingia mdomoni mwake, na Cherotich akamjibu kila mara.

Wiki iliyofuata, siku ya soko, watu wa Silibwet walimkuta Christabel amehamisha beseni zake za omena. Alikuwa ameziweka nyuma ya duka la dawa za mifugo, hatua chache kutoka mlango wa Joab. Mwenye ile nafasi, kijana muuza viatu aitwaye Onchiri, alikuwa amempa kwa kubadilishana na kibanda kizuri cha mbele cha Christabel. Onchiri alidhani mama huyu amechanganyikiwa.

Hakuwa amechanganyikiwa. Alikaa kwenye kigoda, na kila aliyekaribia mlango ule akiwa ameshika shavu alisalimiwa.

"Chamgei, mama. Unaenda kwa meno? Akikwambia una impakshen, muulize jino limekwama wapi. Akikwambia neva imekufa, mwambie akuwekee maji baridi kwanza. Ukisikia baridi, neva iko hai, toka mbio." Kisha alifungua mdomo wake wote, akaonyesha. "Mimi sikuuliza."

Baadhi waliingia hata hivyo. Lakini waliingia na maswali, na Joab hakuwa na majibu. Alizidisha maneno, akaleta mengine marefu zaidi, nao wakatoka kumuuliza Christabel maana. Asiyoyajua aliandamana nayo mpaka Kericho akipeleka watu kwa Cherotich, akarudi nayo sokoni yakiwa yamefunguliwa. Mama mmoja aliambiwa mtoto wake wa miaka sita ana meno yaliyolegea kwa ugonjwa. Christabel alimwambia hayo ni meno ya utotoni, yanatoka yapishe mengine, na mama akamwondoa mtoto wake kitini kama anayemtoa kwenye moto.

Si kila mara alikuwa sawa. Christabel alimwambia kijana mmoja mwenye fizi zinazotoa damu kwamba si kitu, apige mswaki tu, na yule kijana alipofika hospitali baadaye akiwa na meno mawili yanayocheza, Cherotich alimpigia Christabel simu.

"Maneno umeyapata kwangu," daktari alisema, "lakini macho ya kuangalia hujayapata. Watume kwangu. Usiwatibu. Ama utakuwa Joab wa pili."

Neno hilo lilimchoma. Hakurudia. Lakini beseni hazikuondoka mlangoni.

Siku moja Molly alikuja. Alivuta kigoda akaketi kando yake, wakakaa wote wawili wakitazama mbele kama walio kwenye benchi la kwaya.

"Mama Vinny, unatumaliza," Molly alisema. "Watoto wanachekwa shuleni. Mimi nimekukosea nini?"

"Wewe hujanikosea."

"Basi kwa nini?"

"Ulijua hajasoma hiyo kazi?"

Molly alizungusha pete kidoleni. "Alikuwa anafagia kwa kliniki moja ya meno kule nyumbani. Miaka mingi. Aliona wanavyofanya. Nilidhani kuona ni kujua."

"Alifagia," Christabel alisema polepole. Hilo hakuwa amelisikia. Alihisi pengo lake likipigwa na baridi. "Nilitikisa kichwa kwa mfagiaji."

"Ongea na yeye. Atakuomba msamaha."

"Sitaki aniombe."

Joab hakuja kuomba. Alikuja kulipiza. Soko likiwa limejaa, alitoka na koti lake jeupe, akasimama juu ya ngazi, akasema kwa sauti ya kuwafikia wauza kabichi: "Nyinyi mnamsikiliza huyu mama? Mnajua meno yake yalitoka kwa sababu gani? Ako na ile ugonjwa. Damu yake ni chafu. Mimi nilimsitiri tu. Na nyinyi mnakula samaki ya mkono wake!"

Watu waliogeuka kumtazama Christabel walimwona akisimama taratibu. Mama aliyekuwa ameshika mfuko wa omena aliurudisha kwenye beseni. Christabel aliuona mkono ule ukiurudisha. Akapita mbele ya Joab bila kumgusa, akaingia klinikini, na alipotoka alikuwa amekumbatia chupa kubwa ya kioo iliyokaa dirishani, ile ambayo Joab alijazia meno aliyong'oa ili wapita njia wajue kazi yake ilivyo nyingi. Aliweka gunia chini, akaimwaga.

Meno yalimwagika mengi mno, kwa mlio wa mahindi. Watu walisogea, wakarudi nyuma, wakasogea tena.

"Njooni," Christabel alisema. Aliongea Kikipsigis, kisha Kiswahili, na filimbi yake ikasikika kila neno. "Jino lililooza lina shimo. Lina weusi. Lililougua fizi lina ugaga mpaka mzizini. Nitafutieni yenye shimo. Mnionyeshe ugonjwa uko wapi."

Mzee Johana, mkulima wa majani chai aliyeuza maziwa pale sokoni, ndiye aliyeinama kwanza. Yeye mwenyewe alikuwa ametolewa matatu. Aliokota jino, akaligeuza juani, akalifuta kwa shati. Akaokota lingine. Mikono mingine ikashuka. Wengine walisema hili lina shimo kweli, wakaliweka kando, na hilo fungu likabaki dogo. Fungu la pili likakua. Meno membamba, ya mzizi mmoja, mazima, ya mbele.

"Hizi zote ni za mbele," mzee Johana alisema. Alitazama juu. "Alikuwa anachuma kama majani. Zile laini za juu."

Hakuna aliyetoa amri. Vijana walimkamata Joab alipokuwa anaufikia mlango wa nyuma, wakamrudisha na kumlaza kwenye kiti chake cha kinyozi. Mtu alimfungua taya. Mtu mwingine, na Christabel hakujua kamwe alikuwa nani, alimtia yeye mkononi lile koleo la chuma na kusema, "Mama, anza wewe."

Chumba kilijaa pumzi. Christabel alimwinamia Joab kama Joab alivyomwinamia. Aliona meno yake ya juu, madogo, yenye rangi ya chai. Aliweka koleo juu ya la mbele, akabana. Alihisi lilivyo imara, lilivyoshikwa na mfupa, lilivyo hai. Joab alilia kwa koo.

"Niambie," Christabel alisema. "Impakshen ni nini?"

Alilegeza koleo ili ajibu. Mate yalikuwa yamemjaa.

"Nyaminwa, tafadhali."

"Ni nini?"

"Sijui," Joab alisema. "Nilisikia daktari akisema. Sijui ni nini. Ni neno tu."

"Na peridontaitis?"

"Sijui."

"Ukaling'oa jino langu kwa neno hujui."

"Nisamehe."

"Vuta, mama!" sauti zilisema nyuma yake. "Vuta nne! Mlipane!"

Neno hilo la mwisho ndilo lililomsimamisha. Alibaki ameinama, koleo likiwa limebana, akiliwaza. Akivuta, jambo litaisha. Watu watasema amechukua, naye amechukuliwa, wako sawasawa, na Joab atatembea Silibwet na pengo lake huku akihurumiwa. Hata Molly ataona kesi imefungwa. Yeye hakutaka iwe sawasawa. Alitaka Joab abaki na deni hili akiwa na meno yake yote mdomoni, ayahisi kwa ulimi kila asubuhi, ajue anayo kwa sababu ya nani.

Akaondoa koleo.

"Sitaki tulipane," alisema.

Aliketi mlangoni mwa kliniki, na vijana walipojaribu kuingia tena alikataa kuondoka. Walimtukana kidogo. Joab aliyekuwa ndani alidhani analindwa kwa huruma, akawa anamwita dada, dada, mpaka askari walipofika kutoka Bomet. Christabel alipomwona akipandishwa kwenye gari akiwa mzima, hakuhisi wema wowote ndani yake. Alihisi njaa.

Kesi ilichukua mwaka na zaidi. Kabla ya hukumu, mchungaji Obonyo alifika nyumbani kwake na wazee wawili wa kanisa. Ooko aliwapikia chai. Mchungaji alizungumza kwa upole kuhusu kusamehe, kuhusu Molly aliyeacha kwaya, kuhusu watoto wasiokuwa na kosa. Alimwomba Christabel aiambie mahakama kwamba hana kinyongo.

"Mchungaji," Christabel alisema, "nitamsamehe yakiota."

"Dada Christabel, meno ya mtu mzima hayaoti."

"Najua. Nimeelezwa."

Mchungaji aliweka kikombe chini. Ooko alitazama miguu yake. Wageni waliondoka baada ya maombi mafupi kuliko kawaida.

Mahakamani Cherotich alisimama akafungua maneno yale yale, moja moja, hakimu akimwandama kwa kalamu. Kila lilipoisha, mwendesha mashtaka alimgeukia Joab na kumuuliza kama hivyo ndivyo alivyolielewa. Joab alisema hapana kila mara, akiangalia sakafu. Christabel aliketi mbele kabisa. Alikuwa amekuja na shali jipya. Joab alipohukumiwa kifungo, mama mmoja nyuma yake alipiga vigelegele, lakini yeye alikuwa akimtazama Molly aliyekuwa akitoka kwa mlango wa pembeni, koti la mumewe likiwa mkononi. Kwa muda mfupi alitaka kumfuata. Kisha alikaa.

Baadaye alipata meno ya bandia, ya kuvaa na kuvua. Cherotich alimweleza pia habari ya daraja, ambapo jino la bandia hushikiliwa na majirani wake wa pande zote, lakini lilihitaji kuyachonga meno yake mazima ya pembeni, naye alisema hakuna mtu atakayegusa jino zima mdomoni mwake tena. Meno yale mapya hayakuwa na mwanya. Ooko aliyasifu mno, na ndipo Christabel akajua hayapendi. Alirudi kwenye kwaya. Sauti ilirudi, ila haikurudi yote. Ilipopanda juu sana meno yalilegea, akalazimika kuyasukuma kwa ulimi.

Joab alipotoka gerezani hakurudi Silibwet. Habari zilikuja kwamba yuko Londiani. Christabel hakumwambia mtu. Alipakia gunia la omena, akavaa sweta mbili kwa sababu ya baridi ya kule, akaenda.

Alimkuta sokoni, nyuma ya marundo ya viazi. Hakuwa na koti jeupe. Alikuwa amekonda, na alikuwa akimpimia mteja kwa debe. Christabel alitandaza gunia lake mkabala naye, upande wa pili wa njia, akapanga mafungu ya samaki. Joab alipoinua kichwa, debe lilimtoka mkononi na viazi vikatawanyika matopeni.

Molly ndiye aliyevuka njia. Alikuwa amezeeka usoni.

"Mama Vinny. Ameacha. Uliza mtu yeyote hapa. Anauza viazi tu, hajagusa mdomo wa mtu."

"Nimeona."

"Basi umekuja kufanya nini?"

"Kuuza omena."

"Silibwet hakuna wateja?" Molly aliyatazama mafungu ya samaki. "Utatufuata mpaka wapi?"

Christabel alifikiri. Alitaka kujibu kweli, kwa kuwa Molly alistahili jibu. Upande wa pili Joab alikuwa amepiga magoti, akiokota viazi kimoja kimoja bila kutazama juu, na kumwona hivyo kulimpa utulivu ambao hakuna wimbo uliompa tangu siku ile.

"Mpaka nichoke," alisema.

"Na utachoka lini?"

"Sijui, Molly. Leo bado."

Mama mmoja wa Londiani aliuliza bei ya fungu. Christabel alimgeukia, akamjibu kwa Kikipsigis, akamtania kuhusu kapu lake dogo. Mama akacheka. Molly alisimama pale kidogo zaidi, kisha akavuka kurudi kumsaidia mumewe kuokota.